Mashimo ya Mama Enock

Mimi ni mtu wa kuchungulia mambo ya watu, sikatai. Ndiyo maana asubuhi ile nilipomwona Asteria, jirani yangu hapa Kharumwa, anatoka na jembe dogo na kikapu wakati si msimu wa kulima, niliacha kufungua genge langu nikamfuata.

Watu humwita Mama Enock. Anauza mizizi ya nengonengo, mti wa porini wenye maua ya zambarau. Ni dawa ya kuchua viungo tu. Kuinywa ni sumu, na hilo humkumbusha kila mteja hadi anachosha. Wengine hutia vipande kwenye magunia ya mahindi kufukuza wadudu, au huviweka mlangoni nyoka wasisogee. Upande wetu ilikuwa imebaki miti miwili tu.

Nilimkuta amepiga magoti chini ya mmoja. Alichimba pembeni, mbali na shina, akakata mzizi wa unene wa kidole, akanipa ninuse. Nilishangaa. Ilikuwa harufu ile ile ya dawa ya kuchua ya dukani. Kisha akarudisha udongo, akaushindilia kwa kiganja na kutandaza majani makavu juu mpaka mahali pale pakapotea.

"Kwa nini unajisumbua hivyo?" nikamuuliza.

"Ukiacha shimo wazi mgonjwa hapati nafuu," akasema. "Bibi yangu alinifundisha hivyo. Mti nao una maumivu yake."

Sasa, kwetu huku ni nchi ya dhahabu. Nani anachimba shimo akalifukia? Wachimbaji wakikosa huhamia kwingine, mashimo wanatuachia sisi na ng'ombe wetu. Kwa hiyo Fikirini, mchimbaji mwenye kiuno kibovu, alipopita siku moja akamwona Mama Enock ananusa kitu, anafukia, anaficha kwa majani, alijiambia dawa ni geresha, chini kuna dhahabu. Na huyo alikuwa mteja wake!

Jioni hiyo hiyo yeye na wenzake walifika na sululu. Asteria alikimbia kwenda kuwazuia, nami nyuma yake.

"Wanangu, hapa kuna dawa tu," akawaambia, akiwaonyesha mizizi.

"Kama ni dawa tu, mama, mbona unaficha?" mmoja akauliza.

Akaeleza habari za bibi yake, shimo na mgonjwa. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kuchimba. Kulipokucha mti ulikuwa umelala, mizizi juu, na dhahabu hakuna hata chembe. Wakaondoka bila kufukia. Asteria alikaa ukingoni akalia, na mimi nilikuwa na hasira ya kutaka kumpiga mtu.

Ukabaki mti mmoja. Nilidhani ataacha kazi, lakini baada ya muda nikamwona na kikapu chake, nikamfuata tena. Alikata mzizi, akasimama, akaanza kuondoka. Nikamkumbusha shimo.

"Nikilifukia watakuja kuung'oa na huu," akasema. "Shimo wazi hakuna anayeligeuzia macho."

Baada ya hatua chache alirudi, akainama, akachota udongo kwa mkono. Halafu akaumwaga pale pale alipouchota. Akabeba kikapu chake, tukarudi nyumbani.

Siku chache baadaye, nikiwa kwa Asteria, Fikirini alikuja mwenyewe, amejikunja kwa maumivu ya kiuno. Akamwamkia shikamoo akiangalia chini. Asteria aliitikia marahaba, akamtolea kigoda, akamtwangia dawa kama mteja mwingine yeyote. Ningekuwa mimi ningemtwangia pilipili.

Fikirini akaichota dawa kwa vidole, kisha akasita.

"Mama Enock, shimo umelifukia?"

Angeweza kumdanganya. Nilitamani amdanganye.

"Sijalifukia, mwanangu," akasema. "Ningelifukiaje?"

Fikirini aliitazama ile dawa. Akaifuta vidoleni, akairudisha yote bakulini, akaondoka polepole ameshika kiuno.