Wimbo Uliokatwa na Hodi

Juzi nilipita Bertrams, mtaa wa hapa Johannesburg, pale tulipokuwa tukiishi na Bibi, nikakuta nyumba imewekewa geti la chuma lenye kitufe cha kubonyeza. Nilisimama nje nimekasirika, wala sijui namkasirikia nani. Mlango ule, rafiki yangu, ulikuwa ukipigwa hodi kwa mdomo, na hodi hizo ndizo zilizoniharibia utoto.

Usicheke. Ngoja nikueleze.

Mjomba wangu alikuwa akiosha vyombo katika mkahawa wa Mwitaliano mmoja. Mwitaliano alipofunga biashara akarudi kwao, alimwachia mjomba sidii iliyokuwa ikipigwa jikoni kila siku, albamu ya vijana wa mji wake. Jalada lake lilikuwa na rangi zilizochanganyikana kama kanga iliyochuja. Vijana wenyewe ni wa siku hizi, lakini walipiga roki ya enzi za nywele ndefu na moshi wa bangi, gitaa linavuma, kinanda kinazunguka palepale mpaka kichwa kinakuwa chepesi.

"Enzi hizo wao hawajazaliwa," mjomba alisema.

"Sasa wanakumbuka nini?" Bibi akauliza, akaendelea kuchambua mchele.

Mimi niliipenda kupita kiasi, hasa wimbo wa mwisho, mrefu huo usiseme. Kinanda kilianza peke yake, ngoma zikaingia, gitaa likapanda, likapanda tena, na wewe unahisi kabisa kuna kitu kinakuja. Kitu gani? Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Sikuwahi kukifikia.

Redio ya kupigia sidii ilikuwa ya Bibi, na ruhusa yangu ilikuwa Jumapili alasiri tu, nikishamaliza kupaka baraza polishi nyekundu. Kitufe cha kuruka nyimbo kilishakufa, kwa hiyo ilinibidi nisikilize albamu nzima ndipo niufikie wimbo wangu. Na Jumapili alasiri ndiyo saa ya wageni. Bibi alikuwa mtu wa Tanga aliyetangulia kufika Johannesburg, basi kila mgeni wa kutoka Tanga, Dar au Unguja aliletwa kwake kusalimia. Wengine walitoka msikitini mtaa wa Mayfair wamekwisha kuswali. Jirani yetu, mama wa Kirundi, alipitia akitoka kanisani. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: mgeni akipiga hodi, redio inazimwa kwanza, ndipo anaitikiwa karibu. Mgeni hashindani na kelele, Bibi alisema. Nizime, nitoe shikamoo, tena kwa Kiswahili na si Kiingereza cha shule, nilete maji, nichemshe chai ya tangawizi. Na wakishakaa hawaondoki, ng'o!

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Bibi alikuwa akisema huku anakung'uta mkeka. Mimi mwenyeji nilikuwa siponi.

Kisha siku moja alitega sikio kwenye ule wimbo, akatikisa kichwa. "Huu si wimbo. Hii ni ngoma ya kupunga pepo." Akatueleza kwamba kwao ngoma ya namna hiyo haikatwi katikati. Pepo akishapanda lazima apungwe mpaka ashuke, la sivyo anabaki kichwani mwa mtu.

Nikaruka. "Basi Bibi, mbona sisi tunaikata kila Jumapili?"

Mjomba akacheka mpaka akakaa chini. "Eish, mama, umekamatwa!"

Ndivyo nilivyopewa Jumapili yangu moja. Aje nani, wimbo utafika mwisho. Nilipaka baraza tangu asubuhi, nikakaa mbele ya redio na mikono bado myekundu. Kinanda kikaanza, ngoma zikaingia, gitaa likapanda.

"Hodi!" Sauti ya jirani.

Bibi alifungua kinywa, akanitazama, akajiziba kwa upindo wa kanga. Gitaa likapanda tena.

"Hodi wenyewe!"

Unajua ada yetu. Hodi ya tatu isipoitikiwa, mgeni anageuza. Bibi hakuingoja. Aliinuka na miguu yake mibovu, akachomoa waya ukutani. "Karibu, mwanangu, karibu!" Kisha akaninong'oneza: "Pepo tutaishi naye. Mgeni akigeuza mlangoni, harudi."

Nililia jikoni kwa hasira huku nikiponda tangawizi. Hata haukupita muda, mjomba akahamia Cape Town na sidii yake.

Bibi alishafariki. Wale wageni wametawanyika, na siku hizi mtu anakuandikia kwenye simu, "Upo?", ukijibu upo, basi, imetosha, haji. Jioni ya juzi ileile nilirudi flati kwangu, Doornfontein, nikaitafuta albamu kwenye simu nikaipata. Nikaenda moja kwa moja kwenye wimbo wa mwisho. Gitaa likapanda, likapanda, kisha likachoka. Kinanda kikabaki peke yake kama kilivyoanza, kikafifia. Ndiyo hiyo tu? Miaka yote ile, ndiyo hiyo tu? Niliona hasira, nusura niitupe simu.

Nikabandika chai ya tangawizi, nyingi kuliko ninayoweza kunywa. Nikatoa komeo mlangoni. Nikauanza wimbo upya, kwa spika, sauti ya kufika mpaka kwenye ngazi.

Umefika mwisho tena. Hakuna aliyeukata.