Kigelegele ambacho Nyemo alikisubiri jukwaani

Wakuu, heshima kwenu wote. Hili nililiona mwenyewe hapa Dodoma, na sitaongeza chumvi.

Nilikuwa volunteer kwenye shirika dogo lililosaidia wanafunzi kuigiza tamthilia za zamani, zile classic. Mwaka ule tulikuwa na shule moja ya bweni ya watoto wasioona, upande wa Chamwino.

Maneno waliyashika kwa kusikiliza tu. Jukwaani walijua pa kusimama kwa kukanyaga mikeka tuliyowatandikia.

Nyemo, wa kidato cha pili, alikuwa binti wa mfalme. Mazoezini wimbo wake ulikuwa mmoja: "Mama yangu anakuja."

Wenzake walimchoka. "Tumesikia, binti mfalme. Anakuja na farasi?"

"Anakuja na lori la mahindi kutoka Kibaigwa. Na nyie hamtapanda!"

Siku yenyewe mama alichelewa. Alifika watoto wameshaingia nyuma ya pazia, akakaa pembeni yangu, vumbi hadi kwenye kope.

Mratibu wetu, dada mmoja mpole kutoka Dar, akashika mic: "Wazazi wangu, tamthilia ya hivi haipigiwi kelele. Naomba ukimya mpaka mwisho."

Sasa wakuu, Ugogo mnaijua. Mtoto akifanya vizuri, mama yake hanyamazi.

Nyemo alitoka, akatembea kama amezaliwa ikulu. Alipofika pale binti anapomuaga baba yake, akasita. Akageuza sikio upande wetu.

Ukumbi kimya.

Mama akabana khanga mdomoni.

Nyemo akamalizia maneno yake, ila sauti ilishashuka. Watu wakadhani ni uigizaji, wengine wakafuta machozi.

Pazia lilipofungwa, akina mama wote walipiga vigelegele kwa pamoja. Huwezi kujua kipi cha nani.

Nikaenda nyuma kumpongeza. Nikamkuta ameinama.

"Mama hakuja."

"Amekuja, nilikaa naye."

"Kaka, usinibembeleze. Tulikubaliana apige kigelegele nikianza kuaga. Mimi ningemwonaje?"

Mama alikuwa ameshafika mlangoni. Alipiga kigelegele, kimoja, kirefu.

Nyemo akainuka, akamwendea moja kwa moja. Hapakuwa na mkeka.

"Mbona ulininyima kule ndani?"

"Walisema tunyamaze, mwanangu."

"Basi kaa hapo."

Akarudia maneno yote ya kuaga, mama akimkatiza kwa kigelegele kila mstari, mpaka lori lilipoanza kupiga honi nje. Mratibu alisimama nyuma yangu. Hakuomba ukimya.

Nilichojifunza: ukialika wazazi, waache washangilie wanavyojua wao.

Shirika lilikosa mfadhili, likafunga. Siku hizi nikienda kuangalia maigizo ya wanachuo kule Chimwaga, watu wametulia vizuri kabisa, najikuta nimegeuza sikio.

Waliowahi kuigiza shuleni, semeni nani alikuja kuwaona. Na kama yupo anayejua Nyemo alielekea wapi, naomba aniambie hapa.