Sahani ya Kazija

Zamani pale Pongwe sikukuu ilivuka ua ikiwa juu ya sahani, imefunikwa kawa. Siku hizi inavuka kwa simu, picha ya keki ambayo hakuna aliyeionja.

Mzee Nehemia, aliyeshuka kutoka milimani angali kijana kuja kukata mkonge, hakuhitaji kalenda ya ukutani. Mwaka aliujua kwa sahani moja ya bati yenye maua mekundu, mali ya Kazija, jirani yake wa Kipemba. Idi Kubwa ilimletea pilau, harufu ya karafuu ikitangulia kama ndoto ya alfajiri. Sahani ikakaa kwake mpaka Krismasi, kwa kuwa sahani ya jirani hairudishwi tupu. Hapo Nehemia alimshika jogoo, akampitisha juu ya ua, na Hamad, mumewe Kazija, akamchinja, ili nyama iliwe nyumba zote mbili. Hivyo miaka thelathini na mmoja.

Mwaka jana, Idi Kubwa ilipokwisha, watoto wa Hamad wakataka wazee wao warudi Pemba. Siku haikutajwa. Bertha, mkewe Nehemia, akashauri jogoo achinjwe Nanenane, sikukuu ya wakulima, sahani iwahi. Nehemia akakataa: siku za serikali ni za hotuba, hazina sahani. Nanenane ikapita. Maulidi ikapita, na siku ya Baba wa Taifa ya Oktoba nayo.

"Mzee, wangoja Yesu azaliwe mara mbili?" Bertha akamtania.

Asubuhi ya sikukuu ya Uhuru gari likaja. Nehemia akaitoa sahani kabatini, akatoka nayo mbio, kwapani kambana jogoo. Hamad alimtazama jogoo, akaitazama saa. Boti haingoji mtu achinje.

Nehemia akamnyooshea Kazija sahani kwa mikono miwili. Hakuipokea.

"Tupu siitaki, Baba Asheri. Krismasi itie chakula, umpe atakayekaa hapa."

Aliyekuja kukaa alianza na ukuta wa matofali, mrefu kupita mkono wa mtu. Sahani ingali kabatini.

Mara ya mwisho Nehemia kuwaona, gari lilikuwa linakata kona kushika barabara ya Tanga, vumbi likiwafifisha: Hamad kainua kofia dirishani, naye Kazija kaweka mikono mapajani, viganja juu, kama mtu aliyepakata sahani.