Fito Nne, Mmoja Ndani

Wanawake wa leo hujitanda buibui wakaenda watakako, wala hawajui raha waliyo nayo. Nilipoolewa mimi, mwanamke wa heshima hakutoka nyumbani bila shiraa, nayo ni hema dogo la kitambaa lililotundikwa kwenye fito nne. Wanne walishika fito, mmoja akatembea ndani asionekane hata kidole. Washikaji walikuwa watumwa. Kisha utumwa ukaondolewa, na heshima ikabaki mlangoni haina wa kuibeba.

Basi tukafanya chama, wanawake watano wa mtaa mmoja. Kitambaa tulichanga, tukakishona wenyewe, tukawekeana sharti: kila tutokapo mmoja yuko ndani, wanne wanashika, na zamu haina mkubwa wala mdogo. Sharti la pili lilikuwa la mzee wetu, mjane mwenye ulimi mtamu na goti bovu. Likizuka neno, aliye mdogo aseme kwanza na mkubwa mwisho, kwa sababu wakubwa wakitangulia, wadogo huitikia “hewala” kisha wakaenda kunung’unika majumbani. Mdogo nilikuwa mimi, na sharti hilo sikulipenda hata kidogo.

Katika watano hao mlikuwa na bibi wa ghorofani, wa ukoo mkubwa wa Kiarabu, shangazi wa mume wangu. Mlikuwa pia na mshona kofia ambaye zamani alikuwa mtumwa wa bibi huyo huyo, na miaka mingi alimshikia ufito wa mbele. Sasa alikuwa huru, ana chumba chake na sindano yake, na kofia zake zilivaliwa na masharifu.

Binti yake wa pekee aliolewa mtaa wa Bondeni, katika nyumba ya waungwana. Fungate ilipokwisha, mama akaalikwa kwa wakwe kwa mara ya kwanza, na zamu ya shiraa ilikuwa yake, ya kwanza tangu chama kianze. Alitaka jambo moja tu: aingie mlango wa mbele kama mama yeyote, mwanawe asije akatupiwa neno la utumwa katika nyumba ile.

“Mimi nimshikie huyu ufito?” akasema bibi wa ghorofani, tumeketi ukumbini kwa mjane. “Aliyekuwa akinishikia mimi? Watu watanicheka mpaka Mbaraki!”

Mshona kofia hakupandisha sauti. “Siombi unishikie mimi, bibi. Nataka zamu yangu.”

Mwenye kovu usidhani kapoa. Niliiona sindano akiichoma kofiani kwa nguvu.

Mjane akanigeukia. “Haya, mwanangu, sema.”

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini nilikuwa na hasira pia, na hasira ikanisaidia. “Shangazi,” nikasema, “zamu yangu ulinishikia, nami ni mtoto mbele yako. Ikiwa zamu ni ya baadhi yetu, hiki si chama. Na yangu siitaki tena.”

Mke wa mwalimu wa chuo cha Kurani akasema vivyo hivyo kwa maneno machache. Mshona kofia akasema amekwisha sema. Bibi akasema bega lamuuma. Mjane akamalizia: “Ama twende sote, ama kitambaa kikatwe vipande vitano, kila mtu akajishonee mto.” Bibi akainuka akaondoka bila kuaga.

Siku ya kwenda, alasiri, tulikaa tukimngoja. Mshona kofia alikuwa na leso mpya na kikuba cha asumini kifuani, akiutazama mlango. Fito tatu hazisimamishi shiraa. Roho iliniuma kumtazama.

Ndipo bibi akaingia, kajifunika leso mpaka machoni ili asijulikane, kanuna kama aliyenyweshwa shubiri. Akashika ufito wa mbele. “Haya, twendeni. Jua halitungoji.” Njia nzima alilalamika: mawe, jua, bega. “Huyo wa ndani yuwatembea au yuwalala?” Nami nilikuwa nyuma, nikijiuma midomo nisicheke.

Mkwe mwenyewe, mama wa bwana arusi, alitupokea mlangoni. Akakikaribisha kitambaa kwa maneno mazuri, kisha akamgeukia bibi. “Nawe kijakazi, pita uani na wenzako. Mutaletewa chakula huko.”

Ufito wa mbele ukagonga mlango. Bibi akaivuta leso ikamtoka usoni. “Kijakazi ni nani? Mimi na huyu sote tu sawasawa! Leo ndani ni yeye, kesho ni mimi. Muulize mwenyewe!”

Sote tulijua kwamba neno moja tu kutoka ndani ya shiraa lingempeleka bibi uani kula na vijakazi, na hakuna ambaye angemlaumu msemaji.

“Ni kweli, mkwe wangu,” sauti ikatoka, taratibu. “Mimi sina kijakazi. Hawa wote ni wenzangu.” Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakumwita bibi. “Ingia, shoga. Usisimame juani.”

Mkwe alipoutazama uso ule vizuri, akautambua ni wa ukoo gani, akashika kifua na kuomba radhi mara tatu. Tukaingia sote kwa mlango wa mbele, tukala pilau ukumbini, na bibi akaongezewa nyama. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya arusi yangu. Na neno la utumwa halikutamkwa kamwe kwa binti yule, maana nani angethubutu, na bibi wa ghorofani mwenyewe kapiga kelele barazani, mtaa mzima ukisikia, kwamba yeye na mama wa binti huyo ni sawasawa?