Jozi Iliyodhaniwa Imekufa

Agatha alipopunguzwa kazi katika ofisi ya simu ya Same alikuwa na miaka arobaini na moja, na kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa ameitumia mbele ya swichibodi, akiwaunganisha watu wa Gonja na jamaa zao wa Tanga na Dar es Salaam. Mtambo mpya ulipofungwa, simu zikawa zinajiunganisha zenyewe. Barua za kupunguzwa zilikuja asubuhi moja, yake na ya Rubeni, fundi laini aliyezijua nguzo zote kutoka Same hadi milimani. Walizisoma pamoja uani, kila mmoja akashika njia yake.

Miaka minne Agatha aliuza tangawizi. Kisha, mwaka tisini na nane, kituo cha afya cha kanisa huko juu, njia ya kwenda Chome, kikapewa kompyuta na marafiki wa ng'ambo, akatafutwa mtu wa kuitunza. Bwana Zebedayo, katibu wa kituo, alitaka kijana mwenye cheti. Hakuna kijana mwenye cheti aliyekubali kupanda mlima kwa mshahara ule. Agatha akapelekwa Moshi wiki mbili, akarudi na daftari lililojaa.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Jenereta iliwashwa kwa saa mbili tu kila asubuhi. Katika saa hizo kompyuta ilipiga simu Dar es Salaam kupitia kisanduku kidogo kiitwacho modemu, ikakabidhi barua za kituo na kuchukua zilizokuwa zikisubiri huko. Lakini laini ya milimani ilikuwa dhaifu. Mlio wake ulichelewa, na modemu ilianza kubonyeza namba kabla njia haijafunguka. Mara nyingine barua ilikatika katikati, ikabidi kuanza upya.

Hapo Agatha alijikuta anajua jambo ambalo walimu wa Moshi hawakulijua. Laini za upande ule alikuwa amezisikiliza miaka kumi na tisa. Aliingia kwenye mipangilio, akaweka koma mbili mbele ya namba ili modemu ivute pumzi kwanza. Akapunguza mwendo, kwa sababu kwenye laini yenye mikwaruzo anayeharakisha hafiki. Kila alichobadilisha alikiandika daftarini: kilikuwa hivi, nimekifanya hivi. Barua zikaanza kupita, hata daktari akazoea kuuliza kila asubuhi kama kuna jibu kutoka Moshi.

Mwezi wa tano mwaka uliofuata alikuja kituoni Mwalimu Veneranda wa shule ya msingi ya jirani. Jicho la kushoto lilimuuma na alikuwa anaona kama kupitia moshi. Daktari alilipima kwa alivyoweza, hakupenda alichokiona. Siku ile ile, Jumatatu, Agatha alituma barua hospitali ya rufaa ya Moshi kuuliza lini mwalimu aonwe na bingwa wa macho, na Veneranda akaambiwa arudi nyumbani asubiri jibu.

Jumanne laini ikafa.

Bwana Zebedayo hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Agatha zaidi. Alisimama mlangoni akiitazama kompyuta kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyekosewa dawa.

"Mama, ungeviacha vitu kama mafundi walivyoviweka," alisema.

Agatha alilifungua daftari, akarudisha kila kitu kilivyokuwa mwanzo. Kimya. Alibadilisha waya wa modemu. Kimya. Alichomoa modemu, akachomeka simu ya kawaida pale pale ukutani, akaweka sikio: hakuna mlio, hakuna hata mkwaruzo. Akatoka nje hadi pale waya unapoingia jengoni, akatenganisha nyaya za ndani na za nje, akaishika ile simu kwenye nyaya za nje peke yake. Kimya kile kile. Basi ugonjwa haukuwa wa kompyuta wala wa jengo. Alimweleza katibu, naye akajibu kwamba yeye si fundi na hawezi kubishana, lakini barua zilikuwa zinakwenda na sasa haziendi.

Ofisi ya simu iliandikiwa kwa mkono, barua ikashuka na gari la abiria. Jibu lilirudi Alhamisi: gari la mafundi halina matairi, mvumilie.

Ijumaa Agatha alivaa raba za mwanawe, akaiweka ile simu kwenye kikapu, akaifuata laini kwa miguu. Aliteremka na barabara akihesabu nguzo, na kila penye kisanduku cha maungio cha kufikika alisimama kusikiliza. Ilipopita saa tano asubuhi, chini ya mteremko mkali ambako mashamba ya migomba yanaishia, alisikia mlio. Laini ilikuwa hai kutoka Same hadi pale. Akarudi nyuma akitazama juu, na katika nguzo ya tatu akaona: jozi moja ya nyaya, zile mbili zinazobeba laini moja, haipo. Nguzo sita mfululizo, shaba yake yote imechukuliwa.

Alikaa kwenye jiwe. Si wizi uliomkalisha. Nyaya za simu ziliibwa kila mahali tangu wanunuzi wa vyuma chakavu waanze kupita. Alichokiona ni zile ncha zilizobaki. Mwizi wa kawaida hukata akakimbia, ncha ikaning'inia na kugusa nyaya za wenzake. Hizi zilikuwa zimekunjwa na kufungwa vizuri kwenye vikombe vya kauri, mizunguko imelaliana kama uzi wa cherehani. Aliyekata alihakikisha kwamba laini za jirani hazitadhurika. Na Agatha alimjua mtu mmoja tu mwenye adabu hiyo na nyaya.

Kesho yake alifika kwa Rubeni, pembezoni mwa mji wa Same. Mahindi shambani yalikuwa yamekauka yakiwa marefu kiasi cha goti, mwaka wa pili mfululizo. Yudith, mkewe, alimkaribisha kwa furaha, akamwekea kiti, akaenda kuchota maji. Rubeni alipoona kikapu na ncha ya waya wa simu iliyochomoza, alijua.

"Ile jozi imekufa, Dada Agatha," alisema kabla hajaulizwa. "Ni ya shamba la mkonge lililofungwa. Nisingegusa waya unaoongea."

"Mvua za mwezi wa tatu ziliangusha laini yetu. Wakatuhamishia kwenye hiyo."

"Sikuambiwa."

"Nani angekuambia, Baba Aminieli? Hupo kazini."

Rubeni aliinamisha kichwa. Agatha akamweleza habari za Mwalimu Veneranda, polepole, bila kuongeza neno. Alipomaliza, Rubeni aliingia ndani akatoka na mkanda wake wa kupandia nguzo, ambao hakuurudisha ofisini siku ile ya barua za kupunguzwa. Shaba ilikwisha kuuzwa. Lakini alijua ni wapi penye jozi nyingine, iliyokufa kweli safari hii, na Jumapili watu walipokuwa ibadani aliihamisha nguzo moja baada ya nyingine, Agatha akiwa chini akihakikisha kila jozi kwa sikio kabla haijakatwa.

Jumatatu asubuhi jenereta ilipowaka, modemu ililia, ikashika. Barua kumi na moja ziliingia. Ya tisa ilikuwa ya Jumanne iliyopita: mleteni mwalimu kabla ya Ijumaa, bingwa anaondoka Jumamosi na hatarudi kabla ya miezi mitatu.

Agatha aliisoma mara mbili. Akakumbuka kwamba zamani, kabla ya kompyuta, daktari angemwandikia Veneranda kikaratasi na kumpakia kwenye gari siku ile ile, zamu yake iwe imefika au haijafika. Safari hii wote, yeye wa kwanza, walikaa kusubiri mashine.

Alimpelekea mwalimu barua mwenyewe. Veneranda aliomba asomewe. Kisha akauliza ni nani aliyekata laini. Agatha akamtaja. Mwalimu alisema alikuwa amemfundisha mtoto wake Aminieli zamani, alipokuwa akifundisha Same, mtoto msikivu.

Katibu alitaka taarifa ya maandishi: laini imeponaje, na kwa mkono wa nani. Agatha alishuka tena kwa Rubeni, kwani hakuweza kuiandika bila kumwona.

"Andika jina langu," Rubeni alimwambia. "Usiandike mtu asiyejulikana. Mimi najulikana kwenye nguzo zile."

Aliliandika. Aliandika pia kwamba Rubeni ndiye aliyeitengeneza tena, na bila malipo, lakini taarifa ilipopelekwa polisi na kufika mahakamani, habari hiyo ilisomwa haraka haraka. Rubeni alifungwa miezi minane. Yudith hakumsalimu Agatha tena. Wakikutana gulioni, alivuka upande wa pili. Veneranda alipelekwa Moshi bila kungoja barua yoyote. Jicho la kushoto halikuokolewa, la kulia lilisalimika. Bwana Zebedayo alimwomba Agatha radhi kwa ufupi, na Agatha akajibu kwamba hakuna neno, ingawa lilikuwapo.

Mvua za vuli zilipokuja, nguzo mbili zilianguka na laini ikafa upya. Safari hii hakukuwa na wa kupanda nguzo. Kila Alhamisi Agatha alishuka Same na barua za kituo kwenye disketi, akazituma kutoka duka moja lenye kompyuta, akapanda tena jioni.

Mwanzoni mwa mwaka ofisi ya simu iliikabidhi kazi ya laini kwa mkandarasi binafsi. Mkandarasi hakujua njia za milimani. Aliuliza, akaelekezwa kwa mtu mmoja aliyetoka gerezani wiki iliyotangulia, akamchukua kama kibarua wa kutwa.

Siku ya nne simu ya kituo ililia. Agatha aliinyanyua. Kulikuwa na upepo mwingi kwenye laini.

"Dada Agatha, unanisikia?"

"Nakusikia, Baba Aminieli. Vizuri kabisa."

Alingoja aseme neno jingine, na alihisi kwamba naye, huko juu ya nguzo, alikuwa anangoja. Upepo uliendelea kuvuma katikati yao. Hakuna aliyekuwa wa kwanza kukata.