Mama Hakunichukua Tena

Ninyi wenzangu mliokulia Werugha wakati ule mtakuwa mashahidi wangu: jua lilikuwa halionekani mpaka saa nne. Tulienda shule ndani ya ukungu, sweta zinanuka moshi wa jikoni, kiazi kitamu cha moto mfukoni kikitupasha vidole. Jioni tuliteleza mteremkoni juu ya magome ya migomba mpaka nguo zikatoboka nyuma, halafu tukaingia nyumbani kinyumenyume ili tusionekane. Na kimanga, ule mseto wetu wa mihogo na maharage uliopondwa, jamani! Siku hizi ukimpakulia mtoto kimanga anakiangalia kama dawa ya minyoo.

Mama yangu, ambaye sasa amestaafu, alikuwa afisa wa ustawi wa jamii. Baba alifanya kazi mbali, kwa hiyo likizo zikifika Mama alinichukua alipokwenda kutembelea watu majumbani. Tulipanda na kushuka vilima kwa miguu, yeye mbele na mwavuli, mimi nyuma na chupa ya chai. Tukifika, hakuketi kwenye kiti cha mgeni. Alivuta kigoda karibu na mwenye nyumba, akaanza kuchambua mbaazi pamoja naye bila swali lolote. Aliniambia mtu akiulizwa hufunga mdomo, lakini mikono ikiwa na kazi husema mwenyewe. Mimi nilikaa pembeni nikitafuna muwa, najiona mkubwa kuliko mtoto wa chifu.

Siku moja tukaingia kwa akina Wakio, rafiki yangu wa darasani. Wakio alikuwa ametwambia kwamba baba yake ni mpishi wa meli Mombasa. Siku hiyo mama yake aliinamia ungo wa mbaazi akalia, akasema mumewe yuko jela. Shule zilipofunguliwa tulikuwa tukiruka blada, ile kamba ya mpira, Wakio akanishinda mara tatu na kunicheka. Hasira zikanipanda. Mbele ya wote nikasema, "Angalau baba yangu hayuko jela!"

Wakio hakulia. Aliokota sweta yake akaenda kwao, na wiki iliyofuata tukasikia amepelekwa kwa shangazi yake, Taveta. Mama alikwenda kwa akina Wakio akapiga hodi. Ndani kulisikika mtu akikohoa, lakini mlango haukufunguliwa. Nilingoja fimbo, nayo haikuja. Heri angenichapa.

"Yule mama aliniamini, Mghoi," aliniambia. "Sasa atamwamini nani?"

Hakunichukua tena. Likizo nilishinda nyumbani na ufunguo shingoni, na jioni akirudi, viatu vimejaa udongo mwekundu, nilimwuliza alikuwa wapi. "Kazini." Neno moja hilo hilo, miaka yote, mpaka nikaolewa. Tulikula pamoja na kusali pamoja, na bado nilikuwa mpweke kwenye meza ile kuliko nilipobaki peke yangu.

Sasa nakaa Voi, nyumba nzima ni mimi na redio. Watoto wangu wako Nairobi, na habari zao nazisoma kwenye status. Wakigombana na wachumba wao, najua kabla ya wachumba wenyewe. Kizazi hiki hakipigi chafya bila kuitangazia dunia! Nawacheka, lakini angalau hao nawajua. Mama yangu simjui. Mwezi jana nilimpeleka sokoni, mwanamume mzima mwenye mvi akamshika mikono yote miwili akalia mbele za watu.

"Nani huyo, Mama?"

"Mtu wa Chawia." Basi, akaendelea kuchagua nyanya.

Juzi nilipanda Werugha kumwona, nikajikaza, nikamwuliza Wakio alipotelea wapi. Akanimiminia chai kwanza.

"Hakupotea. Huja kunisalimia."

Jina hilo nimelitafuta kwenye simu miaka mingapi!

"Nipe namba yake, Mama. Nataka kumwomba msamaha."

"Mimi sitoi namba ya mtu," alisema. "Lakini akija nitamwambia umemwulizia, nimpe namba yako."

Utotoni ningevuka tu uwanja wa kanisa nikapige hodi kwao, na kama ni kufukuzwa, nifukuzwe siku hiyo hiyo. Leo kila mtu ana simu mfukoni, nami nangoja Wakio aamue mwenyewe. Yangu siizimi, hata kanisani.