Aliyeanza Kabla ya Kwaya

Kwetu Tabora, Krismasi ilikuwa ya majirani. Sisi tulikuwa watu wa Idi. Baba alikuwa fundi cherehani, mtoto wa mjini hasa, wa wale ambao babu zao walikuja na misafara wakasema tupumzike kidogo, na mpaka leo bado wanapumzika. Siku ya Krismasi kazi yetu ilikuwa kupokea sahani: jirani analeta wali na kuku aliofunika kwa kitambaa, nasi Idi ikifika hatuirudishi tupu. Basi, yaliishia hapo.

Lakini nyimbo za Krismasi nilizijua zote, tena kuliko watoto wa Kikristo. Stesheni ilikuwa moja, ya Dar es Salaam, na huwezi kuchagua. Desemba ikifika, taarifa ya habari ikimalizika tu, inafuata kwaya. Leo ya Bukoba, kesho ya Moshi, keshokutwa ya Songea. Nilikuwa natoka madrasa naimba Noeli njia nzima, mpaka maalimu akamwita baba kumshitakia. Baba akamjibu, "Maalimu, mimi nitamfanyaje? Mlaumu redio."

Redio yenyewe ilikaa juu ya rafu, imevaa kitambaa cheupe alichofuma mama. Ilitumia betri nne kubwa, zile ambazo wazee waliziita mawe, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila baba. Ndivyo alivyoamini, maskini. Alasiri, yeye akiwa kazini kwenye baraza la duka la Mhindi na mama yuko shambani kwake Itetemia kupalilia karanga, mimi na rafiki yangu wa nyumba ya pili tulikuwa tukipanda kigoda, tunaiwasha, tunacheza muziki wa dansi mpaka jasho linatutoka. Kisha narudisha kitufe cha sauti palepale na kitambaa nakiweka kama kilivyokuwa. Nilikuwa na miaka kumi na nilijiona mjanja kupindukia.

Sasa nimseme mama. Kwaya ikianza kuimba, mama alikuwa akiacha chochote anachofanya. Mwiko unasimama ndani ya sufuria, ugali unaungua, yeye hana habari. Nilikuwa namtania, "Mama, unataka kurudi kanisani?" Naye ananirushia kibanzi cha kuni, lakini hasemi ndiyo wala hapana.

Alikuwa binti wa katekista wa Ipole, kusini huko, kwenye misitu ya nyuki na tumbaku. Baba alikwenda huko na cherehani yake msimu mmoja kushona nguo, akarudi na mke. Mama akabadili dini, na katekista akasema mbele ya watu kwamba binti huyo asikanyage tena kwake. Alikuwa mtu wa msimamo, hakulirudisha neno lake. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia alifariki, na barua ya msiba ikatufikia miezi miwili baada ya mazishi. Mama alilia siku tatu. Baba akamwambia, "Nenda ukamwone mama yako." Mama akakataa.

"Nitamtazamaje?" alisema. "Hata msibani sikufika. Baba kafa na hasira yake, mimi najuaje kama hakumwachia mama? Nifike mlangoni nifukuzwe kijiji kizima kinaangalia?"

"Hakufukuzi."

"Wewe unamjua? Umemwona mara ngapi?"

Kwa kweli baba hakuwa amemwona hata mara mbili. Bibi hakujua kusoma wala kuandika, na kwa miaka kumi na moja hakutuma neno kwa mtu yeyote. Mama alitaka kitu kimoja tu duniani: kujua kama mama yake bado anamtaka. Na hakuwa na njia ya kuuliza.

Basi mwezi wa kumi na mbili ule akaja muuza asali wa Ipole, mzee mmoja mchangamfu aliyekuwa akipita kwetu na madumu yake kila mara. Alikuwa hata hajaketi, akasema, "Mama, mna habari? Tumenaswa sauti!"

Gari la redio lilikuwa limefika kijijini kwao, watu wawili na mashine, wakainasa kwaya ya kanisa. Wimbo ungepigwa siku ya Krismasi yenyewe, saa nne asubuhi, kwenye kipindi cha salamu na nyimbo. Kijiji kizima hakikulala kwa furaha. "Ila mwalimu wa kwaya alinuna siku ile, alinuna kweli," mzee akaongeza huku akicheka. "Sijui walimuudhi nini."

"Na mama yangu?" mama akauliza. "Alikuwepo?"

"Yule? Safu ya mbele!"

Mzee alipoondoka mama alikaa kwenye mkeka akaanza kucheka peke yake. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Kumbe bibi, tangu mama akiwa mtoto, hakuweza kumsubiri mwalimu wa kwaya. Mwalimu anainua mkono, wote wanavuta pumzi, na kabla mkono haujashuka bibi ameshaanza, peke yake, sauti juu. Kila Jumapili. Watoto walikuwa wakimsubiria hapo hapo, wakabinyana. Katekista mwenyewe aliona haya, mke wake!

"Nikimsikia tu nitajua," mama akasema, sasa hacheki. "Nikiisikia sauti yake nitajua kama ana kinyongo."

Sikuelewa utajuaje kinyongo cha mtu kwa kumsikia akiimba Noeli. Lakini nilielewa jambo moja: betri.

Siku mbili kabla ya Krismasi baba alifungua redio asikilize habari, ikatoka sauti ya mtu aliyefunikwa blanketi. Akaipiga kofi. Akafungua mgongo, akazitoa betri, akazigeuza, akaziuma kidogo kwa meno kama walivyofanya watu wote wakati ule. "Haiwezekani," akasema. "Nilizitia juzijuzi. Habari peke yake haiwezi kuzimaliza hivi." Mimi nilikuwa nasuuza vyombo, na sijawahi kusuuza vyombo kwa bidii namna ile.

Ilikuwa ile miaka ambayo ukiona foleni unapanga kwanza halafu ndiyo unauliza wanauza nini. Betri hazikuwapo. Baba alimwuliza Mhindi wake, naye akamfungulia makabati aone mwenyewe: viberiti, nyuzi, kopo la rangi. Baba akazunguka soko zima, akaenda stesheni kuuliza watu wa reli, akarudi mikono mitupu na shati limelowa. Majirani waliokuwa na redio nao walikuwa wanalia na betri zao. Mhindi alimwambia amlete mama asikilizie dukani, yeye redio yake inakula umeme. Mama akasema ahsante lakini hapana. Hakutaka kulia kwenye kiti cha mtu, na kama ni kufukuzwa, afukuzwe kwake.

Betri zilizochoka dawa yake ni jua. Unazianika juu ya bati, zinapata nguvu ya siku moja. Lakini jua la Desemba Tabora liko wapi? Mvua ilinyesha tangu alfajiri mpaka jioni. Basi mama akazifunga kwenye kipande cha kanga, akaziweka kando ya jiko, si karibu sana zikapasuka wala mbali zikapoa, akawa anazigeuza geuza kama mtu anayechoma viazi. Siku nzima. Mimi namwona. Nilitamani kusema na nikaogopa. Niseme ukweli, niliogopa fimbo kuliko nilivyomhurumia, na jambo hilo linaniuma mpaka leo nikilikumbuka.

Asubuhi ya Krismasi baba hakwenda kazini. Alivaa kanzu safi kama anakwenda Ijumaa. Akaiteremsha redio kwenye rafu, akaivua kitambaa, akaiweka juu ya kigoda mbele ya mama. Akazitia betri zingali za moto. Saa nne kasoro dakika moja akaiwasha, sauti chini kabisa, tukaizunguka watu watatu vichwa vikigusana.

Zikaanza salamu. Yarabi, zile salamu! Fulani wa Mwanza anamsalimu shemeji yake wa Dodoma, wifi yake wa Kigoma, walimu wote waliomfundisha, na wafanyakazi wenzake wa kiwandani bila kumsahau mpishi. Fulani wa Tanga anasema kwa wote wanaomfahamu, ujumbe: umoja ni nguvu. Sauti ya mtangazaji ilikuwa inapungua kila jina. Baba akashindwa kuvumilia. "Jamani, si wakaandikiane barua! Kuna mtu ana salamu za mpishi, na sisi hapa tuna roho mkononi!"

"Nyamaza, bwana," mama akamwambia, na sijawahi kumsikia akimwambia baba hivyo.

Ndipo mtangazaji akasema, kwa mbali sana, kwamba sasa tunakwenda mkoa wa Tabora, kijiji cha Ipole. Mama akalaza sikio juu ya redio.

Kimya. Tukasikia watu wengi wakivuta pumzi. Halafu ikaja sauti moja, ya mwanamke, peke yake, juu, imetangulia wenzake wote. Ikasimama pale yenyewe kwa muda wa kupepesa jicho, wazi kama mtu anayeita mlangoni. Ndipo kwaya nzima ikaingia kwa kishindo, wakaimba mstari mmoja, wakafika nusu ya wa pili, na redio ikakata roho.

Baba aliipiga, akaitikisa, akazitoa betri akazipuliza. Hakuna kitu. Nami hapo nikaangua kilio. "Ni mimi, mama! Nilikuwa nawasha alasiri! Muziki wa dansi! Ni mimi nimezimaliza!"

Baba akanigeukia, na uso wake sitausahau. Lakini mama aliinua mkono. Machozi yalikuwa yanamtiririka na alikuwa anacheka, vyote kwa pamoja.

"Mwache," akasema. "Nimekwisha msikia. Ameanza kabla yao. Ni yuleyule, hajabadilika hata kidogo." Akajifuta kwa upande wa kanga. "Baba watoto, nataka kwenda."

Alhamisi tulipata lori lililokuwa linapeleka mbolea kwa wakulima wa tumbaku. Mama alikaa mbele na dereva, mimi na baba tukapanda juu ya magunia. Baba alikuwa hajanichapa bado. Alisema deni langu liko palepale, akanifunika na koti lake mvua ilipoanza. Njia nzima nilimwona mama kupitia kioo cha nyuma. Furaha ya Krismasi ilikuwa imemtoka, uoga umerudi wote.

Tulipofika, kijiji hakikuwa kile alichokiacha. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka mashamba yao ya zamani wakapangwa kwa safu, nyumba zote zinafanana, na mama hakujua hata ya kwao ni ipi. Ikabidi aulize kama mgeni. Mtoto mmoja akatuonyesha kwa kidole.

Bibi alikuwa amekaa kibarazani na ungo mapajani, anasafisha uyoga. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria. Mama alisimama njiani, mvua inamnyeshea, hakuweza kusogea. Nilidhani atageuka. Baba akamgusa kidogo mgongoni. Ndipo akaenda, akapiga magoti pale pale kwenye tope, akapiga makofi taratibu kama wanavyoamkia wanawake wa kwao.

"Shikamoo, mayo," akasema; mayo ndiye mama kwa lugha yao.

"Marahaba," bibi akasema. Hakuuacha uyoga. Alimtazama mama, kisha akauliza kwa Kinyamwezi, nami nilielewa kila neno: "Ulinisikia?"

"Nilikusikia, mama." Mama akajaribu kuficha uoga wake kwa utani. "Umri wote huo, bado unaanza kabla ya wenzako."

"Nani, mimi?" Bibi aliuweka ungo chini. "Tabia ile niliiacha zamani, mwanangu. Baba yako alinikomesha mwaka uleule ulioondoka. Sasa nasubiri mkono kama kila mtu, muulize mwalimu. Siku ya lile gari nilianza makusudi. Alitaka kunimeza, yule mwalimu! Wale wenye mashine wakasema wimbo haurudiwi, utepe wa kunasia umekwisha."

Akamshika mama mkono, akamvuta kutoka mvuani.

"Nilijua mjini mna redio," akasema. "Nikaona, nikiimba pamoja na wenzangu, utanijuaje?"